Mlevi wa Ndiva ya Kwanyange

Eliakimu Mgonja hajawahi kulewa maishani mwake. Ukiondoa tone la divai kwenye meza ya Bwana, ambalo hulimeza haraka huku amekunja uso kama mtoto anayepewa kwinini, kilevi chochote hakijui. Na bado ulipita msimu mzima wa kilimo ambapo kijiji kizima kilimwita mlevi. Ubaya ni kwamba walikuwa na ushahidi, tena ushahidi mzuri kabisa.

Anakaa mlimani, Upare Kusini, kwenye njia ya kwenda Chome, kule ambako shamba limeegemea mlima na mkulima naye ameegemea jembe asiteleze. Mvua za huko zina kiburi. Zikitaka zinakuja, zisipotaka utazifanya nini? Ndiyo maana mababu walichimba ndiva, bwawa dogo la udongo na mawe, linakusanya maji ya kijito hadi alfajiri, kisha mtu anavuta kizibo na maji yanashuka kwa mifereji hadi kwenye mahindi, maharage na migomba, kila ukoo kwa zamu yake. Ndiva yao inaitwa Kwanyange.

Anayevuta kizibo si kiongozi. Hana ofisi wala muhuri. Lakini yeye akichelewa, zamu ya mtu imeliwa na jua, na akipendelea, ndugu wanaacha kusalimiana mpaka Pasaka. Kwa hiyo anachaguliwa mtu wa kuaminika, na sharti lake halina mjadala: aliyegusa kilevi hashiki kizibo. Inasemekana zamani mlinzi mmoja alilala usingizi wa pombe ndiva ikiwa wazi, maji yakaenda yote bondeni wakati mahindi yamebeba. Kama ni kweli au ni maneno tu sijui, ila sharti lipo, na wazee wa ndiva hulishika kuliko wanavyoshika mambo mengine mengi ambayo ningewaombea wayashike.

Eliakimu aliipokea kazi hiyo kwa baba yake. Kabla ya hapo, ujanani, alishuka tambarare kukata mkonge. Kule alikaa na watu wa kila kona ya Tanzania, na siku ya malipo wenzake walipokwenda kilabuni yeye alibaki kambini akiosha nguo. Wakamwita Mchungaji. Jina halikumkera, nguo zilikuwa safi. Aliporudi mlimani alimwoa Rogathe, binti wa Chome mwenye hatua ndefu na maneno machache, wakamzaa Jenifer, na maisha yakaenda. Asubuhi kizibo, mchana shamba, Jumapili kwaya. Aliimba sauti ya nne, ile ya chini kabisa, mpaka benchi likawa linatetemeka. Alipenda pia kutania watu. Ukikutana naye njiani umebeba mzigo, atakuuliza kama umehama.

Basi mtu wa namna hiyo akaanza kubadilika, polepole, hata yeye mwenyewe hakuona. Kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia vikaanza kusuguana vyenyewe, kama mtu anayepukuchua mahindi asiyokuwa nayo. Hatua zikafupika. Sauti ya nne ikashuka, ikashuka tena, mpaka mwalimu wa kwaya akamuuliza kama anaimba au anasali. Na uso, ule uso wa utani, ukatulia kama maji ya ndiva asubuhi. Akikutania sasa ulidhani anakugombeza.

“Uzee,” watu wakasema.

“Uzee,” akasema na yeye.

Neno hilo huko mlimani linafanya kazi nyingi kupita kiasi. Mama anayesahau nyumba yake, uzee. Baba anayeanguka jikoni, uzee. Vijana wameshuka, wako Same, wako Arusha, wako Dar, na waliobaki juu ni wazee wanaopeana pole ya uzee wao kwa wao, hakuna wa kuuliza zaidi. Hata kahawa ilipoacha kunukia, Eliakimu hakushtuka. Alilaumu kahawa. Alisema kahawa za siku hizi wanazikaanga ovyo.

Kisha Jenifer akajifungua kule Maore, alikoolewa, na Rogathe akashuka kumlea mzazi na mtoto kama mama yeyote afanyavyo. Eliakimu akabaki peke yake na mkono wake.

Siku ya gulio akamkuta muuza mizizi, mzee mchangamfu mwenye mkeka na maneno mengi. Mzee huyo akautazama mkono, akatikisa kichwa kama daktari, akasema ni baridi ya mifupa. Akampa mizizi. “Uiloweke kwenye gongo kali,” akasema, “ujichue asubuhi na jioni. Usiinywe. Jichue tu, na mgongo usiusahau.”

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mzee wa kanisa, mlinzi wa ndiva, anakwenda kununua gongo! Eliakimu aliwaza siku kadhaa. Angeweza kumtuma mtu, lakini angemwambia nini? Angeweza kumweleza rafiki yake Sadock, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, aliyepata naye kipaimara siku moja. Lakini aliona aibu. Aibu ya gongo, na zaidi yake aibu ya kuonekana anahangaika na dawa za kwenye mkeka wakati kila Jumapili anakaa benchi la mbele. Mwishowe akafanya kama wafanyavyo watu wema wasio na uzoefu wa uovu: akashusha kofia mpaka kwenye nyusi, akapita njia ya nyuma kwenye migomba, akaingia kwa mama wa gongo mchana kweupe, akatoka na chupa ndani ya koti. Mlevi mzoefu asingefanya upuuzi ule. Mlevi mzoefu angepita barabarani akisalimia.

Bartholomeo alimwona. Bartholomeo shamba lake liko mwisho wa mfereji, maji humfikia ya mwisho, na siku hizo yalikuwa yanamfikia machache kwa sababu kizibo kilikuwa kinavutwa kwa kuchelewa. Kwa hiyo alikuwa na macho makali na roho ya kinyongo, na vyote viwili vikamfaa alipokwenda kuisimulia kamati.

Sasa fikiria asubuhi zilizofuata. Eliakimu anakuja ndivani jua limeshatoka, hatua ndogondogo kama anayetembea kwenye tope. Mkono unatetemeka. Anafika mlangoni pa tuta la ndiva anasimama, miguu imegoma, anasukumasukuma mwili mbele kama mlevi anayetafuta njia. Akisalimia, maneno yanatoka yameshikana. Na juu ya hayo yote, ananuka gongo kuanzia kwenye ukosi mpaka kwenye viatu, maana alijichua kwa bidii na mgongo hakuusahau.

Sadock hakutaka kuamini. Nampa haki yake. Alikuja mwenyewe asubuhi moja, akasogea karibu kama anayetaka kumnong’oneza, akavuta pumzi.

“Eliakimu, umekunywa?”

“Sijanywa.”

“Ndugu yangu, nakusikia harufu.”

“Harufu gani?”

“Ya gongo. Unanuka gongo, Eliakimu.”

Eliakimu akanusa mkono wake. Hakusikia kitu. Akanusa koti, hakusikia kitu. Dawa ya kuchua ilishakauka mwilini, na kwa pua yake ile alikuwa msafi kama nguo za Jumapili. Hapo ndipo palipomuuma kuliko pengine popote. Akaamini kwamba Sadock, wa kipaimara kimoja, amekubali kusema uongo ili kumwondoa mzee mwenye mkono mbovu. Hata hakumtajia chupa. Kwa nini ajitetee kwa mtu anayezua? Akakiacha kizibo, akageuka, akashuka kwa hatua zake fupi. Kamati ikaona kugeuka kule kuwa ni kukiri.

Rogathe aliporudi kutoka Maore habari zilimpokea njiani, kabla hajatua mzigo. Hakujibu mtu. Alifika nyumbani, akamsalimia mumewe, akapanda darini kuangalia mahindi yake, akaikuta chupa nyuma ya debe. Akafungua, akanusa. Akashuka nayo, akaiweka mezani katikati ya vikombe.

Eliakimu aliitazama ile chupa na mizizi yake ndani, akaona aibu ya mkeka wa gulio imewekwa mezani.

“Nisamehe, Mama Jenifer,” akasema kwa ile sauti yake iliyobaki, ambayo ilitosha maneno machache tu.

Rogathe akaimwaga nje, kwenye shina la mgomba. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha: kuna mashahidi, kuna kielelezo, na sasa mshtakiwa ameomba radhi.

Na hapa nataka nikwambie Rogathe ni mtu wa namna gani, maana wengine wangemtangazia ubaya wote na kurudi kwa baba zao. Yeye alinyamaza. Alikuwa na hasira, tena nyingi, ungeiona anavyopasua kuni. Lakini kila asubuhi alimwogesha, alimvisha, alimkalisha kwenye kigoda, na kwa kuwa mkono wake ulimwaga uji wote kifuani, alimshikia bakuli mpaka amalize. Hakumsemesha zaidi ya “Fungua” na “Meza”. Maharage ya makande alimpondea. Alipokwama mlangoni alimshika kiunoni, akamvusha. Jioni akiwa amechoka alimwambia tu, “Mungu anakuona, Baba Jenifer.” Naye Eliakimu, aliyedhani mke wake amemkasirikia kwa ajili ya mganga, alikubali kwamba Mungu anamwona, akaendelea kukaa kimya.

Kitu kimoja tu kilimsumbua Rogathe. Chupa imemwagwa, harufu imekwisha ndani ya nyumba, mwanamume hatoki nje ya ua, lakini ulevi unazidi! Anayumba zaidi kuliko mwanzo. Akahisi kuna chupa nyingine. Akapekua dari, akapekua zizi, akapekua hata ndani ya mzinga wa zamani. Hakuna. Mwishowe akaamua kumpeleka kituo cha afya siku ya kliniki ya wazee, akatishwe na mtu mwenye koti jeupe, labda ataogopa.

Benchi la kliniki lilijaa. Kulikuwa na bibi mmoja aliyemuuliza mkwewe kila baada ya muda wao ni nani na wanasubiri nini. Kulikuwa na babu ambaye nusu ya mwili ilikuwa imelala tangu kipindi cha mvua, na mdomo umevutwa upande. Kulikuwa na mzee mnene aliyeletwa kwa kuzimia shambani, wanawe wakibishana kama ni presha au ni jirani. Rogathe aliwatazama wale watu akawaonea huruma kwa moyo wote. Hawa ni wagonjwa, akawaza. Wa kwangu amejitakia.

Tabibu aliitwa Priska, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu.

“Shikamoo mzee. Shikamoo mama.”

“Marahaba,” akajibu Rogathe kwa wote wawili. “Binti yangu, nimemleta huyu aache pombe. Mwambie itamuua. Mimi nimechoka kusema.” Ukweli hakuwahi kusema, lakini alikuwa amechoka kweli.

Priska akamtazama Eliakimu. “Mzee, unakunywa?”

“Sinywi.”

“Wote husema hivyo,” akasema Rogathe.

“Mara ya mwisho mama ulimsikia harufu lini?”

Rogathe akafikiri. “Tangu nilipoimwaga chupa yake, sijamsikia tena. Na ndilo linalonishangaza, maana anazidi.”

Priska akaweka kalamu chini. Alimwambia Eliakimu akunjue na kukunja vidole, kama anayebana na kuachia. Vidole vikaanza vizuri, vikapungua, vikaganda. Priska akaukunja na kuukunjua mkono wa mzee, akausikia unapita kwa kukwamakwama. Akamwambia atembee mpaka ukutani na kurudi. Eliakimu akaenda, mkono mmoja ukining’inia bila kupunga, akageuka kwa hatua nyingi kama lori linalogeuzia kwenye njia nyembamba. Kisha Priska akafanya jambo ambalo Rogathe aliliona la ajabu. Alichukua pamba, akailowesha spiriti, akamwekea mzee puani.

“Mzee, hii inanukaje?”

Eliakimu akavuta pumzi. “Hainuki.”

Rogathe aliyekaa pembeni kabisa alikuwa ameshakunja pua kwa ukali wa ile spiriti. Akageuka kumwangalia mumewe.

“Kahawa je? Nyumbani unaisikia?”

“Kahawa ya siku hizi haina harufu,” akasema Eliakimu. “Miaka sasa.”

“Kahawa inanuka nyumba nzima,” akasema Rogathe polepole. “Baba Jenifer. Ile chupa. Ilikuwa ya nini?”

“Ya kuchua mkono. Mzee wa gulioni aliniambia niloweke kwenye gongo. Si nilikuomba radhi?” Akapumua, akakusanya sauti. “Najua hupendi mambo ya waganga.”

Rogathe alishika upindo wa kitenge chake akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

Priska aliwaeleza bila haraka. Dalili alizoziona, alisema, ni za ugonjwa wa Pakinsoni. Sehemu ya ubongo inayoendesha mwendo inachoka kabla ya mtu mwenyewe, na mara nyingi pua hutangulia kuaga, hata miaka kabla ya mkono. Si pombe, si uchawi, na si uzee mtupu, ingawa huwapata zaidi wenye umri. Angewaandikia waende Moshi kwa daktari wa mishipa ya fahamu athibitishe. Akawaambia pia, na hapo sauti yake ilipata uchovu, kwamba maradhi ya ubongo na ya fahamu yanaongezeka kadiri watu wanavyoishi zaidi, na huku mlimani wanaoishi zaidi ndio waliobaki peke yao. Wanamfikia wamechelewa. Wengine wamefungiwa ndani, wengine wamegombana na majirani, wengine wamebandikwa majina mabaya.

“Kupona haponi, mama, sitakudanganya,” akasema. “Lakini kuna dawa, na ikikolea utamwona mtu wako.”

Moshi walikwenda, na daktari akasema yaleyale aliyosema Priska. Dawa ikaanza. Ilikuja na sharti ambalo kwa Mpare ni adhabu: asiimeze pamoja na makande, kwa sababu maharage huizuia isifanye kazi vizuri. Aimeze mapema, asubiri, ndipo ale. Eliakimu alisema ameshavumilia kuitwa mlevi, lakini kusubiri makande yaliyokwisha kuiva ni mtihani mwingine. Alisema kwa utani, na Rogathe akaona ni utani, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Mambo hayakuwa rahisi, nisikupambie. Dawa wakati mwingine haipatikani Same, inabidi itafutwe mbali zaidi. Hapo ndipo anapoingia Abdulmajid, dereva wa lori la tangawizi, ambaye akishusha mzigo mjini huzunguka maduka ya dawa mpaka aipate, kisha huipandisha mlimani ndani ya mfuko wa shati, umefungwa kifungo, siyo kwenye kisanduku cha gari kama vitu vya watu wengine. Eliakimu humshukuru kila mara, naye kila mara anajibu, “Mzee, mimi nilikuwa napita tu.” Uongo mtupu. Duka lenyewe liko upande mwingine wa mji.

Habari za pua zilipanda mlima kwa kasi kuliko zilivyopanda zile za gongo, na hilo nalishukuru, maana si kawaida. Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope la ndiva, kijiji kizima kikiwa tutani na majembe, Sadock akasimama kwenye tope mpaka magotini akawaomba watu wanyamaze.

“Nilimnusa ndugu yangu nikamhukumu,” akasema. “Pua yangu haikukosea. Mimi ndiye niliyekosea. Sikuuliza swali la pili.”

Akapanda tutani alikokaa Eliakimu, akamshika mikono yote miwili, unaotetemeka na usiotetemeka. Eliakimu akamtazama kwa ule uso mkavu. Sadock akasubiri. Watu wakasubiri. Uso haukubadilika, na Sadock akaanza kudhani hajasamehewa.

“Nacheka, Sadock,” akasema Eliakimu. “Ngoja kidogo, inakuja.”

Kicheko cha watu kilitisha ndege. Kisha Eliakimu akasema na la kwake, kwamba na yeye alimdhania Sadock uongo muda wote ule, na kwa hiyo wako sawa. Kamati ikataka kumrudishia kizibo. Akakataa, mikono haiwezi. Akakubali kukaa tutani asubuhi, siku anapoweza, kusema zamu ni ya nani, kwa kuwa kichwa chake hakijasahau ukoo hata mmoja. Wa kuvuta akamtaja mwenyewe: Bartholomeo. Bartholomeo hakuwa na pa kukimbilia. Tangu hapo ndiye anayeamka wa kwanza kijijini, na hakuna tena anayelalamika kwamba maji yanachelewa kufika mwisho wa mfereji.

Kwa kijiji mambo yaliishia hapo. Kwa Rogathe hayakuishia.

Tangu siku ya kliniki alikuwa amebadilika kwa namna ya kumchosha mtu. Alimkalishia kiti badala ya kigoda. Alimchinjia kuku bila mgeni. Alimwita “Baba” kwa sauti ya mtu anayehudhuria msiba. Lakini macho yake hakuyaleta. Akimshikia bakuli alitazama mlangoni, akimfunga vifungo alitazama vifungo. Eliakimu alimwelewa. Na yeye alikuwa na neno lake, ambalo alilibeba tangu kwenye benchi la kliniki, lilipomjia kwa mara ya kwanza jinsi mambo yalivyokuwa. Lakini neno lile lilikuwa refu kuliko sauti yake, na alitaka kulisema lote bila kukatika.

Akalipangia asubuhi moja, baada ya kumeza dawa, akakaa akisubiri ikolee kama mtu anayesubiri ndiva ijae. Rogathe akaleta uji, akakaa karibu naye, akaanza kumshikia bakuli huku anatazama mlangoni. Mkono wa Eliakimu ulipotulia, akaushusha ule wa mkewe taratibu.

“Mama Jenifer. Uliamini ninakunywa.”

Rogathe akainamisha kichwa. “Niliamini. Miaka yote ya kuishi na wewe, na nikaamini. Kijiji walikuwa na sababu, mimi sikuwa nayo. Nikikumbuka nashindwa kulala. Nisamehe, Baba.”

“Sikuuliza ili uombe msamaha. Ngoja nimalize, dawa isije ikaniacha.” Akapumua. “Mgonjwa kila mtu humhudumia. Wote sasa wananiletea ndizi, hata Bartholomeo. Mlevi nani anamhudumia? Wewe ulidhani nimekuaibisha mbele ya watu, nimekunywa kazi ya baba yangu, nimekudanganya, na bado uliniogesha. Uliniogesha ukidhani ni mimi mwenyewe niliyejitakia. Hakuna aliyewahi kunipenda namna hiyo. Nilitaka kukushukuru, ndiyo hilo tu. Nakushukuru sana, Rogathe.”

Hakuwa amemwita jina lake tangu Jenifer azaliwe. Rogathe akalia, na alipolia akacheka, akajifuta kwa upindo wa kitenge.

“Usinishukuru bure,” akasema. “Hujui. Nilikuwa nakutukana. Kila asubuhi, bakuli mkononi, nakutukana moyoni matusi ambayo mtu wa kanisa hapaswi hata kuyajua.”

Eliakimu akalifikiria hilo. Uso wake haukusogea hata kidogo.

“Ya moyoni sikuyasikia,” akasema. “Uji niliunywa.”

Rogathe akamtazama, machoni kabisa, kwa muda. Kisha akaona bakuli halijafika hata nusu, akamsogezea.

“Basi maliza,” akasema. “Unapoa.”